Mama mkubwa anasema nina jini mahaba kwa sababu ya daftari langu

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 17, niko kidato cha nne hapa Tanga. Nakuomba usinicheke, maana kila niliyemweleza jambo hili ama alicheka ama aliniombea dua.

Ninapenda mno riwaya za mapenzi za viumbe wasio binadamu. Wanyonya damu, watu wanaogeuka mbwa mwitu mwezi ukiwa mpevu, malaika walioanguka, mabinti wenye nguvu za kichawi wasiojijua. Nilianza nikiwa kidato cha pili. Rafiki yangu aliniazima kitabu cha Kiingereza kilichochakaa, hakina jalada, kurasa nne za mwanzo hazipo. Nilikisoma na kamusi pembeni, ukurasa mmoja nusu saa. Sasa kamusi siigusi, na mwalimu wa Kiingereza ameniuliza mara mbili maneno haya ninayoandika kwenye insha nayatoa wapi.

Baadaye nikaingia kwenye simulizi za simu, zile za sehemu ya 1 hadi ya 60. Ukifika patamu unaambiwa itaendelea, tuma elfu moja upate zilizobaki. Tena kuna programu ya hadithi inayouza sura mojamoja. Nakiri kwako, Shangazi: mwezi mmoja nilitumia shilingi 14,000, pesa yangu ya nauli, nikawa natembea kwa miguu kutoka shule mpaka nyumbani Ngamiani.

Mama yuko Muscat, anafanya kazi za ndani, huu ni mwaka wa tatu. Naishi na mama mkubwa, dada yake wa tumbo moja. Mama mkubwa akishaswali Isha hana muda, analala. Mimi hubaki macho. Mama akimaliza kazi hupiga kama saa tano usiku, siku nyingine hapigi, basi nasoma tu mpaka saa saba au saa nane.

Mwaka huu nikaanza kuandika ya kwangu. Nina kaunta buku la jalada la bluu, nimeshajaza kurasa 61. Ni hadithi ya binti anayeuza machungwa, anakutana na kijana wa kijini anayeishi ndani ya Mapango ya Amboni. Ana umri wa miaka 400 na hajawahi kumpenda mtu. Nimeandika kwa "mimi", kwa sababu vitabu vingi ninavyovipenda vimeandikwa hivyo. Yule binti nimempa jina la mama.

Wiki mbili zilizopita mama mkubwa alikuwa anatandika kitanda changu akalikuta chini ya godoro. Niliporudi shule alikuwa ameketi mkekani, amelishika daftari kwa ncha ya kanga kama mtu anayeepua sufuria. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Ameanza kukujia lini?" Nikasema, nani? Akasema, "Huyu wa pangoni."

Nilimweleza kuwa ni hadithi tu. Nikakosea zaidi, nikamwambia ni kama zile za Wazungu, binti anapendana na mnyonya damu. Akashika kichwa: "Mumiani? Unampenda mumiani?" Kilichomliza kabisa ni lile jina la mama. Alisema nimemtoa mama yangu kwa jini, na yuko peke yake ng'ambo ya bahari.

Kesho yake akaja ustadhi. Nimefukizwa ubani, nimepewa kombe siku saba. Nimekunywa kwa kumheshimu. Simu yangu iko kwake, mama akipiga naongea dakika chache mbele yake, na nimekatazwa kumwambia mama lolote asije akapata presha ugenini. Daftari limefungiwa kashani chini ya doti zake za kanga. Ustadhi amesafiri, akirudi mwisho wa mwezi litachomwa.

Shangazi, mimi simwoni mtu yeyote usiku. Siiti kitu wala sioti ndoto hizo. Lakini nimeanza kujiuliza. Ni kweli napenda kujifungia chumbani. Ni kweli nikisoma nacheka peke yangu. Ni kweli kuna mvulana wa darasani aliyenitaka, nikamwona wa kawaida mno. Mama mkubwa anasema zote hizo ni dalili. Je, nimeharibika? Niache kusoma? Na nifanye nini daftari langu lisichomwe?

Mwenye Daftari la Bluu,
Tanga

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sikucheka. Barua yako nimeisoma mara tatu, na ile ya tatu niliisoma kwa ajili ya sentensi moja uliyoiandika harakaharaka ukaipita. Nitaifikia.

Kwanza nikutoe hofu. Hujaharibika. Mtoto aliyekisoma kitabu cha lugha ya kigeni, ukurasa nusu saa, mpaka kamusi ikakosa kazi, kisha akaketi akajaza kurasa 61 za kwake bila kusukumwa na mtu, huyo ana kitu ambacho walimu wengi wanakitafuta darasani kwa fimbo na hawakipati.

Lakini mama mkubwa naye hajakosa akili, na hapo ndipo ninapotaka uanzie. Wewe ni mtoto wa pwani, unajua jini mahaba anavyosimuliwa: huja usiku, humfanya binti apende upweke, acheke bila mtu, awachoke wachumba kabla hawajafungua mdomo. Sasa jiweke kwenye ule mkeka. Binti wa mdogo wako halali. Unamsikia anacheka chumbani saa sita za usiku. Mchana macho mekundu. Kijana wa watu amemtaka, amemkataa. Kisha unainua godoro unakuta kurasa 61 kwa mwandiko wake, "mimi" na "mimi" na "mimi", na mpenzi ni jini wa Amboni, mahali ambapo Tanga nzima inajua watu huingia na tambiko. Na jina la mwanamke ni la mdogo wako. Mimi ningekuwa nimeketi pale, sijawahi kusoma riwaya ya namna hiyo hata moja, ningemwita ustadhi siku hiyohiyo, nisingengoja kesho.

Yeye alilisoma daftari lako kama barua. Alidhani anasoma ushahidi. Na hapa kuna jambo nimelifikiria sana tangu uniandikie. Hadithi zetu zina mlango. Bibi akisema "Paukwa!" na watoto wakaitikia "Pakawa!", kila mtu aliye barazani anajua tumeshavuka kizingiti, kuanzia hapo sungura atasema, mti utalia, jini ataoa, na hakuna atakayekimbilia kwa ustadhi. Akishamaliza, mlango unafungwa na watu wanakwenda kulala. Daftari lako halina paukwa. Linaanza tu: mimi nilikuwa nauza machungwa. Wewe uliyesoma riwaya nyingi unaijua "mimi" ya kitabuni kuwa ni vazi analovaa mwandishi. Mama mkubwa hakuwahi kuambiwa hivyo na mtu yeyote.

Halafu ukamwongezea na mnyonya damu. Mwanangu, neno hilo kwa watu wazima wa nchi hii halina mahaba ndani yake. Mumiani wetu hakuwahi kumtongoza mtu. Zama za ukoloni, Tanganyika, Kenya na Uganda, watu walinong'onezana kuhusu watu wanaokamata wapita njia usiku, wanawanyonya damu ikauzwe iwe dawa; kule Kenya na Uganda hata gari la zimamoto lilikimbiwa kwa hofu hiyo. Mwanahistoria Luise White alitoa kitabu kizima juu ya minong'ono hiyo mwaka 2000. Bibi zetu walilala na milango imefungwa kwa miti kwa ajili ya mumiani. Kwa hiyo wewe uliposema mnyonya damu ukamwona kijana mtanashati mwenye ngozi baridi, mama mkubwa aliona gari lililozima taa.

Huyo wako ana ukoo mwingine kabisa, na naomba uujue, kwa sababu mtu akipenda kitu akijue kwao. Mwaka 1816 Ulaya ilikosa kiangazi. Mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka mwaka mmoja kabla, majivu yakapanda angani, baridi na mvua visikatike. Kando ya Ziwa Geneva, Uswisi, Waingereza wachache waliofungiwa ndani na mvua wakakubaliana kila mmoja atunge hadithi ya kutisha. Mmoja wao alikuwa Mary Godwin, ambaye dunia inamjua kwa jina la Mary Shelley. Alikuwa na miaka 18. Alichokianza pale ndicho kilichotoka mwaka 1818 kwa jina la Frankenstein. Mwingine alikuwa daktari kijana wa miaka 20, John Polidori. Hadithi yake ya mnyonya damu ilichapishwa 1819, na mnyonya damu wake ni bwana mkubwa, anavaa vizuri, anaalikwa kwenye karamu, na anaua. Dracula alikuja baadaye sana, 1897. Huyu wa kupendwa, wa kuolewa, wa kukaa naye darasa moja, ni wa juzi tu. Twilight ya Stephenie Meyer, iliyoufungulia mlango umati wa wasichana wa rika lako duniani, ilitoka mwaka 2005.

Nimekueleza yote haya ili uone jambo moja: binti wa miaka 18, anakuzidi mwaka mmoja, aliketi na wakubwa akaandika kuhusu maiti anayefufuliwa, na leo anasomeshwa vyuoni.

Ukitaka wa karibu zaidi, huna haja ya kwenda Uswisi. Panda gari uende Machui. Pale ndipo alipozikwa Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909, mtoto wa Tanga kama wewe. Mwaka 1952 kilitoka kitabu chake Adili na Nduguze. Humo kuna jini aitwaye Huria. Kuna mji ambao watu wake wamegeuka mawe. Kuna ndugu wawili wenye wivu wanaogeuzwa manyani. Na kitabu hicho wamekisoma watoto wa shule wa vizazi kadhaa, wazazi wao wakakaa kimya, kwa sababu kila mtu alijua kwamba Shaaban anatumia jini kumweleza binadamu. Kitafute, kipo maktaba na kwa wauza vitabu vya shule. Ukikipata usikisome peke yako. Sitaki kukwambia kwa nini, utaona hapo chini.

Sasa niwe mkali kidogo, maana hukuniandikia nikusifu tu.

Hizi riwaya zina tabia moja ambayo hainipendezi, na wewe ni mtu mzima wa kutosha kuisikia. Yule kijana wa Twilight ana sura ya miaka 17 lakini amezaliwa 1901. Anaingia chumbani kwa binti usiku, binti mwenyewe hajui, anasimama anamwangalia amelala. Kitabuni ni tamu, moyo unakwenda mbio, kwa kuwa mwandishi yupo pembeni anakuhakikishia kuwa kijana huyu hana nia mbaya. Mwanamume wa mtaani hana mwandishi. Anayetaka kujua uko wapi kila saa, anayeshika simu yako, anayesema akikukosa atajiua, huyo hakupendi kwa kiwango cha kitabuni, huyo anakuchunga. Na zile simulizi za simu ni mbaya zaidi, katika nyingi, bwana mkubwa wa kundi la mbwa mwitu anamteka binti, anamfungia, anampiga, sehemu ya 40 binti anampenda. Nimezisoma kadhaa kabla ya kukujibu. Kuna zilizoandikwa kwa ufundi wa kweli wa kusimulia, sikatai. Lakini nyingi zimekatwa pale zilipokatwa ili ulipe, na shilingi 14,000 yako ya nauli ndiyo hadithi yenyewe.

Kipimo nitakachokupa ni chepesi: binti akisema hapana, yule kiumbe anafanya nini? Akiondoka, soma kwa raha zako. Asipoondoka na kitabu kinamsifu, soma ukijua kuwa unauziwa kitu. Kipime na hicho kijini chako cha Amboni. Ana miaka 400, ana nguvu, binti anauza machungwa. Akimkataa, je? Ukilijibu hilo kwa uaminifu utakuwa na riwaya nzuri kuliko zile ulizozilipia.

Yule mvulana wa kawaida mwache alivyo. Kumwona mtu wa kawaida si dalili ya kitu chochote. Una miaka 17 na mtihani mbele yako, huna deni la kumpenda mtu.

Sasa ile sentensi.

Umeandika: mama akimaliza kazi hupiga kama saa tano usiku, siku nyingine hapigi, basi nasoma tu. Ukaenda zako kwenye daftari. Mwanangu, Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Saa tano yako ni saa sita ya usiku kwake. Mama yako yuko miguuni tangu alfajiri, amepika, amefua, amelaza watoto wa watu, na anaanza siku yake na wewe usiku wa manane. Na wewe miaka mitatu umelala na simu kifuani ukiingoja. Kitabu kilikuwa kinakaa na wewe mpaka ipige. Usiku isipopiga, kinakaa na wewe mpaka usingizi uje.

Nimejiuliza ni nani huyo unayempenda vitabuni. Halali usiku. Hazeeki. Hafi. Anaapa hatakwenda popote. Ukiamka yupo. Kisha ukaandika wako mwenyewe, aliyekaa pango lilelile miaka 400 bila kuhama, na mwanamke anayependwa hivyo ukampa jina la mama. Mama mkubwa alilia kwa sababu alidhani umemtoa mdogo wake kwa jini. Mimi nimesoma kitu kingine kabisa humo, na nadhani na wewe sasa unakisoma.

Sisemi kila msichana anayependa riwaya hizi anamngoja mtu. Wengine wanapenda tu, na wewe pengine ungezipenda hata mama angekuwa chumba cha pili. Nasema kukesha kwako kumetoka huko, na kukesha ndiko kutakakokuangusha Novemba, si majini. Kijana wa umri wako anahitaji saa 8 hadi 10 za usingizi, wewe unalala nne. Macho mekundu na kichwa kizito ambavyo mama mkubwa anavifukizia ubani vingine vinatoka hapo tu. Zungumza na mama mchague siku maalumu, mbili au tatu kwa wiki, kadiri anavyoweza yeye kwa kazi yake. Usiku huo ngoja. Usiku mwingine saa nne uwe kitandani, na ajue kuwa umelala, asione kuwa umemsahau. Na kama siku moja utaona usingizi hauji hata bila kitabu, chakula hakipiti, unasikia sauti au dunia inakuchosha, usingoje mtu agundue: mwambie mama mkubwa akupeleke hospitali, hata kama kombe linaendelea.

Daftari. Usiibe ufunguo wa kasha. Najua umeshawaza. Ukiiba, utapata daftari na utakuwa umemthibitishia kila alichokihofia.

Subiri siku ambayo hana haraka, baada ya Isha, kabla hajaingia kulala. Mkandamize miguu kama ana mazoea hayo. Usibishane naye kuhusu majini. Usimwambie hayapo, yametajwa kwenye Kurani, kuna sura nzima, ya 72, na wewe huna haja ya vita hivyo. Anza na kosa lako mwenyewe: mwambie kuhusu ile nauli. Ndiyo, mwambie, yote 14,000. Mtu mzima akiona umekiri jambo asilolijua atakuamini kwenye lile analolidhani. Kisha muulize anasimuliwa nini kuhusu Amboni. Yeye amekulia hapo, mama yake na bibi yake walikuwa hapo. Muulize yale ya pangoni aliyoyasikia akiwa msichana, na unyamaze usikilize mpaka mwisho. Nakuhakikishia ana hadithi ambazo hazimo kwenye programu yoyote ya simu. Usiku mwingine, mchukulie Adili na Nduguze, umsomee kwa sauti. Ukifika pale kwenye manyani atakaa vizuri mwenyewe.

Ukishaona amelegea, ndipo umwombe afungue kasha. Mwambie unataka kumsomea ukurasa wa kwanza tu, daftari likiwa mikononi mwake. Na kabla ya neno la kwanza, sema "Paukwa!" na usubiri. Sijaona mwanamke wa pwani ambaye ulimi wake haukuitikia.

Akikataa yote hayo, omba jambo moja: lisichomwe, libaki kashani mpaka umalize mtihani. Mpe neno lako kuwa hutaligusa kabla ya hapo, na ulitimize. Kashani chini ya doti za kanga ni salama kuliko chini ya godoro, hakuna panya wala mvua ya darini. Hilo hata ustadhi akirudi atalikubali, hasa ukimwomba mwenyewe kwa adabu akueleze tofauti ya uongo na mfano. Walimu wa dini wanafundisha kwa mifano kila siku, atakuelewa kuliko unavyodhani.

Na usidhani kurasa 61 ni riwaya. Bado. Huyo kijini wako umempa miaka 400, lakini amefanya nini miaka yote hiyo? Aliwaona Wareno. Ameona mji wa kale wa Tongoni ukibaki makaburi na kuta. Alisikia nyundo za reli ya kwanza ikianza kutoka Tanga mwaka 1893, akaona mashamba yakigeuka mkonge. Novemba 1914 alikuwepo nyuki walipowavamia askari wa Waingereza waliokuja kuuteka mji. Kiumbe aliyeona yote hayo hawezi kusema kama kijana wa filamu. Mtie historia ya mji wako, ataanza kupumua. Ukija kumaliza, kuna pa kupeleka: Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu ipo tangu 2022 chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na ile ya fasihi ya Kiafrika iliyoanza kwa jina la Mabati-Cornell mwaka 2014 inapokea miswada ya Kiswahili. Lakini hayo baada ya Novemba.

Likizo ikifika, katika vitabu vya Kiswahili mtafute Said Ahmed Mohamed, Babu Alipofufuka, marehemu anarudi kwa mjukuu aliyejisahau kwa ukubwa. Na kwa kuwa Kiingereza chako kimekomaa, msome Nnedi Okorafor. Kitabu chake kimoja cha 2015 kina jina unaloitwa kila siku nyumbani, Binti, na huyo binti anasafiri kwenda sayari nyingine na udongo wake mwekundu wa kujipaka mwilini. Hana bwana wa kumwokoa.

Dada yangu, mama mkubwa, kama mtoto atakusomea haya: umemlea wa mdogo wako miaka mitatu, hukumtupa, na ulipoona hatari ulisimama. Mwenyezi Mungu akulipe. Nakuomba tu umruhusu amwambie mama yake. Presha inapanda zaidi kwa anayehisi kwamba anafichwa jambo. Akipiga usiku huo, weka simu katikati yenu mkekani, iwe ya sauti kubwa, na mtoto amwambie mwenyewe yule binti wa machungwa anaitwa nani.

Shangazi